Chujio la Barua Pepe na Mkwe wa Mwenyekiti

Baba yangu mdogo wa Lupepo alikuwa na mbwa mpumbavu kuliko mbwa wote niliowahi kuwaona, na nimeona wengi. Akiingia uani mtu asiyejulikana, mbwa analala. Fundi wa bati, muuza vitenge, hata yule aliyekuja kutuibia majembe, mbwa alimpungia mkia mpaka njiani. Lakini aje shangazi, au jirani tuliyechimba naye choo, hapo ndipo utamwona anavyojua kazi. Tukilalamika, baba mdogo anatulia pale barazani na kusema, "Mwacheni, bado anajifunza." Alijifunza mpaka akazeeka.

Siku moja akamng'ata mchungaji. Mchungaji huyo alikuwa anakuja kwetu kila wiki na kula ndizi zetu, mbwa anamjua toka akiwa kitoto, lakini siku hiyo akamshika kigimbi asiachie. Mimi nilikuwa kijana, shule nimeishia darasa la nne, kazi sina zaidi ya kukata majani ya ng'ombe. Nikaambiwa nimpakie mchungaji kwenye baiskeli yake nimsukume mpaka hospitali, Tukuyu. Mnajua vilima vyetu, na mnajua matope yetu. Njia nzima mchungaji anasali kwa sauti kubwa, na mimi nasukuma, najisemea moyoni kwamba ningefurahi zaidi kama angesali kimyakimya na kwenye mlima akashuka.

Nilipomfikisha nikakaa nje nihemee. Akapita mzee mmoja kavaa koti refu, akanitazama, akaitazama na baiskeli.

"Gwe kijana, umesukuma kutoka wapi?"

"Lupepo."

"Na yule mnene ndiye alikuwa juu?"

"Ndiyo, tata."

"Kesho njoo pale ofisi ya chama cha wakulima. Tunatafuta tarishi."

Basi ndivyo nilivyoajiriwa, kwa kung'atwa mtu mwingine. Cheti hakuulizwa mtu.

Nawaandikia ninyi vijana mliobaki pale ofisini kwa sababu mmenisumbua. Tangu nistaafu hamjaacha kupiga simu: Mzee Lugano, hii seva inasema hivi, Mzee Lugano, nani aliweka hiki. Nimechoka kujibu kwa simu, mtandao wenyewe huku kwangu unakatika nikiwa katikati ya neno. Nitaandika mara moja, msome, mniache nipalilie chai yangu. Vyeo siandiki, maana sikuwa navyo vya kujaza mstari. Naandika kazi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupeleka barua vijijini. Nilipewa begi la mpira lisiloingiza maji, viatu vya mvua, na baiskeli isiyokuwa na breki ya nyuma. Nilikwenda Kyimo, nilikwenda kote kwenye vituo vya kupimia chai. Nilichojifunza ni kwamba kupeleka barua si miguu, ni kujua nani apewe na nani asipewe. Barua ya mwenyekiti wa kijiji ukimpa mke mdogo wakati mke mkubwa yupo, umeanzisha vita. Barua ya kikao ukimpa mlevi, kikao umekivunja. Hayo sikufundishwa, niliyapata kwa kutukanwa.

Miaka ikaenda, wazee wa chama wakafa au wakastaafu, chama kikaanza kuuza na parachichi pamoja na chai, na siku moja likaja gari na maboksi. Wafadhili wametuletea kompyuta, na pamoja nazo sanduku jeusi linalovuma kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Ndiyo seva. Ikatafutiwa chumba. Chumba kilichokuwa wazi kilikuwa stoo ya mbolea, na ufunguo wa stoo ya mbolea ulikuwa kwangu. Mtaalamu aliyekuja nayo akakaa siku chache, akala ndizi, akasema ni rahisi sana, akaondoka. Kuanzia hapo kila ilipolia watu walisema, "Mwiteni Lugano, ndiye mwenye seva." Mwenye seva! Nilikuwa mwenye ufunguo.

Nashukuru wakamleta Masanja. Alikuwa kijana wa Shinyanga, mwembamba, anaogopa baridi yetu kama paka anavyoogopa maji. Alivaa makoti mawili, moja juu ya jingine, akatandika gunia chini ya miguu na kuketi mbele ya ile skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Mimi nilikuwa namletea chai. Siku nyingine nikauliza.

"Masanja, hiyo kompyuta mbona haina picha kama za wengine?"

"Hii ni Linux, mzee. Haihitaji picha. Unaiandikia amri, inatii."

"Na ukikosea?"

"Inatii vilevile. Hilo ndilo tatizo lake."

Huyo ndiye mwalimu wangu. Hakunicheka Kiingereza changu, maana nilikuwa sina cha kuchekwa. Aliniandikia amri kwa herufi kubwa, na mbele yake kwa Kiswahili kwamba hii inafanya nini, na hii usiiguse hata nyumba ikiungua.

Wakati ule ofisi nzima ilikuwa na anwani moja ya barua pepe. Kila kitu kiliingia humo: mnunuzi wa parachichi, wizara, vikundi vya wakulima, na takataka. Jamani takataka. Kuna mtoto wa mfalme sijui wa wapi alitaka kutupa urithi wake. Kuna dawa za nguvu za kiume, tena mtumaji ametuandikia "Mpendwa Chama". Kuna kila asubuhi mtu anatuambia tumeshinda gari. Meneja wetu, mtu wa Dodoma asiyependa mzaha, alikuwa anafungua zote moja moja kutafuta barua ya kazi, akimaliza ni saa ya chakula.

Masanja akasema tugawe. Mtu wa nje aandike kwa mauzo, au kwa meneja, au kwa mwenyekiti, na seva yenyewe ipokee na kuipeleka mbele kwa mwenye cheo hicho, kwenye sanduku lake alilozoea.

"Kama tarishi," nikamwambia.

"Kama tarishi, ila haichoki."

"Haichoki lakini inazimika."

Umeme ulikuwa umekatika asubuhi ileile.

Sikilizeni hapa, maana ndipo mnapopigia simu. Kuna faili moja lina mistari. Kushoto unaandika anwani ya cheo, unaacha nafasi, kulia unaandika anwani ya mtu. Ukimaliza kuhifadhi, bado hujafanya kitu! Lazima utoe amri ya kuijenga ile orodha upya, kisha uiambie programu ya barua isome tena. Msipofanya hivyo faili litakuwa zuri, linapendeza, na barua zitaendelea kwenda kwa mtu aliyeacha kazi. Nimeisahau amri ile mara nyingi hata najionea aibu, na kila mara niliilaumu seva kwanza.

Tukasambaza zile anwani mpya. Mambo yakaenda vizuri kwa siku kidogo, halafu barua zetu zote zikaanza kukataliwa huko nje. Hata tukimwandikia mnunuzi, inarudi. Masanja akasoma, akashika kichwa. Kumbe tulipeleka mbele kila kilichoingia, na takataka zimo. Wenye masanduku ya nje wakaona uchafu unatoka kwetu, wakatuandika sisi ndio watupa taka. Nilikasirika. Mtu kaniachia mzoga mlangoni, mimi nimebeba tu, napigwa mimi! Masanja akasema ndivyo dunia ilivyo, lazima uchuje kabla ya kupeleka, siyo baada.

Akaweka chujio. Chujio linaisoma kila barua na kuipa alama. Maneno ya urithi, alama. Herufi kubwa tupu, alama. Mtumaji anayejiita jina lisilolingana na anakotoka, alama nyingi. Zikizidi kiwango, barua inaingia kwenye folda iitwayo Taka na haisogei. Ni mtihani pekee niliowahi kuuona ambao ukipata alama nyingi unafukuzwa.

Halafu akaongeza kitu ambacho kila mtu alikipenda, na mimi nilikipenda, kabla sijakichukia. Akasema chujio linaweza kufundishwa. Ukiona takataka imepenya, ibonyeze iende Taka, na kila siku seva itaipitia folda hiyo ijifunze. Ukiona nzuri imeingia Taka kwa makosa, irudishe, itajifunza pia. Wakubwa wakafunguliwa masanduku humohumo kwenye seva, wakaonyeshwa kwenye simu zao walizopewa na ofisi. Wakabonyeza kwa furaha kama watoto wamepewa filimbi. Masanja akapata kazi Tabora kwenye joto lake, akaaga, akaniachia karatasi zake na lile gunia.

Sasa nifike kwa Atupele.

Atupele ni binti wa Bulyaga, mwandishi mzuri wa kompyuta, anaandika huku anakutazama usoni. Meneja alimchagua kwenye usaili kuwa katibu muhtasi kwa sababu alikuwa bora, na hapo hakuna ubishi. Jambo moja tu Meneja hakulijua, na siku ya usaili Mwenyekiti wa chama alikuwa msibani: Atupele ameolewa na mtoto wa Mwenyekiti, Mzee Ambakisye wa Kyimo.

Ninyi mliokuja kutoka mikoa mingine mlidhani tunaigiza, kwa hiyo naeleza. Kwetu mke wa mwanao hasimami mbele yako. Hakai unapokula, hakutazami, na jina lako halitoki mdomoni mwake. Mkikutana njiani, yeye anaingia kwenye migomba na wewe unaangalia mlima. Ni heshima, siyo ugomvi. Wengi wa mjini wameacha, hata mimi wakwe zangu wananisalimia na kuniomba vocha. Nyumba ya Mzee Ambakisye ilikuwa haijaacha.

Siku ya pili tu Atupele akaja chumba cha seva, kasimama mlangoni.

"Shikamoo Mzee Lugano."

"Marahaba mwanangu."

"Kuna anwani siwezi kuiandika."

"Kibodi imeharibika? Mmeimwagia chai tena?"

"Siyo kibodi." Akatazama chini. "Ina jina la mkubwa wa nyumbani."

Nikaelewa. Meneja alikuwa amezoea anwani ya zamani ya Mwenyekiti, ile yenye jina lake, na ndiyo aliyompa. Nikamwambia mwanangu usihangaike, tuna ile ya cheo. Andika "mwenyekiti" tu, seva inajua mwenyewe impelekee nani. Uso wake ukafunguka. "Ndaga fijo," akashukuru, na akaenda kuandika. Meneja alipopata habari akaniuliza kama kweli tunapanga seva kwa kufuata mila. Nikamwambia, Meneja, tumeshaipanga kwa kufuata mambo ya kijinga zaidi.

Kazi ya Atupele ilikuwa kumjulisha Mwenyekiti kila kinachotoka kwa mnunuzi: gari la parachichi linakuja lini, linapakia kituo gani. Mwenyekiti akishajua, anawatuma watu wake, wakulima wanachuma. Parachichi huchumi mapema, likakaa, na huchumi gari likiwa limeshafika. Kwa hiyo mnaona uzito wake.

Gari likaja Kyimo, hakuna aliyechuma. Dereva akapiga honi, akanunua mahindi ya kuchoma, akageuza. Meneja akamwita Atupele, nami nikaitwa.

"Ulimtaarifu Mwenyekiti?"

"Nilimtumia."

"Ulimtumia wapi, mbinguni? Watu wa Kyimo hawana habari."

Akamwonyesha kwenye kompyuta, barua imetoka. Meneja akanigeukia mimi. Nikaenda kwenye faili la kumbukumbu la seva, nikaona barua imepokelewa, imepelekwa mbele, imefika. Nikasema imefika. Meneja akampigia Mwenyekiti. Na mnajua Mzee Ambakisye alijibuje? "Mambo ya barua muulizeni Lugano." Akakata.

Ikatokea tena. Na safari hii barua za vikundi vya wakulima kwa Mwenyekiti nazo zikaanza kupotea, za Lupepo, za kila mahali. Vikundi vinapiga simu kwa hasira, tumewaandikia, mbona mmekaa kimya? Meneja akishaamua jambo ameamua. Akasema tangu aje huyu binti mambo yameharibika, hatumi, akituma anakosea, na anadanganya. Akaitisha kikao cha bodi wamwondoe. Atupele alikuwa ndiye anayelisha nyumba yake, mumewe ameumia mgongo kwenye ajali ya pikipiki na hawezi kulima. Alikuja mlangoni pale kwangu, hakulia, alisema tu, "Mzee, mimi natuma."

"Najua unatuma."

"Sasa zinakwenda wapi?"

Ningejua nisingekuwa nimekaa pale nashika kichwa. Na yeye hawezi kumwuliza anayetakiwa kuulizwa! Mtu mmoja tu duniani angeweza kusema barua zimefika au hazijafika, na ndiye mtu mmoja duniani asiyeweza kusema naye.

Nikampigia Masanja Tabora. Nyuma yake nikasikia feni inazunguka, nikamwonea wivu.

"Mzee, kumbukumbu zinasemaje?"

"Zinasema zimefika."

"Basi zimefika. Umeangalia Taka?"

"Taka ya ofisi haina kitu."

"Siyo ya ofisi. Ya Mwenyekiti mwenyewe."

"Masanja, niingie kwenye sanduku la Mwenyekiti?"

"Usisome. Tazama majina ya watumaji tu, utoke."

Nikatazama. Juu mpaka chini: Atupele, Atupele, Atupele. Katikati yake yule mtoto wa mfalme mwenye urithi, vikundi vya wakulima, halafu Atupele tena. Nikamsomea Masanja, akanifundisha kuangalia alama. Zile za mwanzo zilikuwa na alama safi kabisa, chujio halikuzigusa. Zilitupwa kwa mkono. Kisha seva kila siku ikapitia folda ile, ikajifunza kama ilivyoamriwa: Atupele ni taka. Parachichi ni taka. Kikao, wakulima, gari, Kyimo, zote taka. Ndipo ikaanza kuzitupa yenyewe, za Atupele na za kila mkulima anayetumia maneno hayohayo. Sasa niambieni, mkulima wa Rungwe aandike barua gani isiyo na neno parachichi?

Nikapanda bodaboda mpaka Kyimo. Nilimkuta Mzee Ambakisye anapunguza majani makavu ya migomba, kavaa kofia yake ya sufu.

"Mugonile, Mwenyekiti."

"Ndaga, Lugano. Umekuja na mvua."

"Nimekuja na barua. Zile zako za Taka."

Akakata jani jingine. Akakata na la pili. Nikangoja, maana umri wetu ni mmoja na ukaidi wake naujua.

"Lugano, mimi niko mezani. Mama yuko hapa, wajukuu wako hapa. Kile kidude kinalia, ninakigeuza, jina la mke wa mwanangu limeandikwa kwenye kiganja changu."

"Ni barua ya ofisi."

"Barua ya ofisi, jina lake juu. Nyumbani hasimami mlango niliopo mimi. Sasa ananisemesha mfukoni?"

"Kwa hiyo unabonyeza taka."

"Nabonyeza cha kuondoa. Sikubonyeza taka."

"Kimeandikwa Taka, Mwenyekiti!"

"Kimeandikwa kidogo."

Mungu anisamehe, nilitamani kumpokonya panga. Nikamwuliza kwa nini basi hakusema, tungetafuta njia. Akaniambia angesemaje, amwambie nani, Meneja wa Dodoma? Baba yake angemwonaje, anakaa na maneno ya mkwe mfukoni.

"Baba yako hakuwa na simu."

"Ndiyo maana alikuwa na heshima."

"Sawa. Kikao kinamfukuza."

Panga likatulia. "Kwani wanasema nini?"

"Kwamba hatumi."

"Mbona anatuma!"

"Tunaojua ni mimi, wewe na seva. Seva haiitwi kikaoni."

"Basi sema wewe."

"Nikisema mimi, nitakuwa nimesema Mwenyekiti anatupa barua za mkwe wake. Wenye midomo watakuwa wameshaongeza ya kwao kabla sijakaa chini. Watauliza mna nini ninyi wawili. Ukisema wewe, ni neno lako, limekwisha."

"Nikisema nitakuwa nimemtaja mbele za watu."

"Jina si lazima."

Akanikatia mkungu wa mbalaga, akanifungia kwenye bodaboda, akarudi kwenye migomba yake. Nilirudi na ndizi lakini sikurudi na jibu.

Kwa upande wa seva nilifanya yangu, Masanja ananiongoza kwenye simu neno kwa neno. Tulilisahaulisha chujio yote liliyojifunza, tukalianzisha upya. Tukaziandika barua za ofisi kwenye orodha ya zisizoguswa. Na kubwa zaidi, tukaamuru kila kinachotoka kwa Atupele kwenda kwa Mwenyekiti kibadilishwe jina la mtumaji, kisomeke "Ofisi". Hiyo kazi ilinitoa jasho kwenye baridi, maana nukta moja ikikaa pabaya hakuna barua inayotoka wilaya nzima. Nikajaribu. Ikaenda. Baadaye kidogo likaja jibu kutoka kwa Mwenyekiti, neno moja: "Nimeona."

Nikakimbia kwa Meneja na habari njema. Nikamwambia tatizo lilikuwa chujio, limetengenezwa. Akasema, "Mzee Lugano, kwako kila kitu ni chujio. Kwamba zinafika sasa haina maana kwamba zamani alituma." Na kikao kiko palepale. Mtu unapona ugonjwa, daktari anasema tuendelee na mazishi.

Siku ya kikao mvua ilipiga bati mpaka tukawa tunasemezana kwa kupaza sauti. Chumba cha mikutano kina milango miwili, wa mbele unatokea barazani na barabarani, wa nyuma unatokea chooni na kwenye migomba. Atupele aliwekwa kwenye benchi barazani angoje kuitwa, kajifunika kitenge mabegani. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya mwanga, umeme hakuna. Mzee Ambakisye aliingia kwa nyuma, akageuza kiti chake, akakaa mgongo kwa baraza. Mimi nikakaa pembeni karibu na birika.

Meneja akasoma makosa ya Atupele. Gari la kwanza, gari la pili, vikundi vilivyokosa majibu. Alisoma vizuri, Kiswahili kimenyooka, na hakuna kosa hata moja lililokuwa la binti. Mjumbe wa Lupepo akasema, "Labda anamwogopa mkwewe hata kwenye kompyuta, anajificha nyuma ya kibodi!" Wakacheka. Barazani kitenge hakikutikisika. Mimi nilikuwa nimeshaweka kikombe chini. Nilikuwa nimejiambia, asiposema nitasema, midomo ifanye itakavyo.

Mzee Ambakisye akasimama. Hawakumsikia mara ya kwanza kwa ajili ya mvua, akarudia kwa sauti ya kuitia ng'ombe.

"Nasema zilifika! Zile barua zote zilifika kwangu. Nilizitupa mimi, kwa kidole changu hiki. Aliyeziandika hana kosa hata moja. Mwacheni na kazi yake."

Mjumbe wa Lupepo akainamia karatasi zake.

Meneja akasema, "Mwenyekiti, samahani. Ulizitupa kwa nini?"

"Una mkwe, Meneja?"

"Bado."

"Ukimpata uje Kyimo, tutazungumza."

Akaitoa ile simu ya ofisi kwenye koti, akaja mpaka kwenye birika, akaniwekea mkononi. "Shika kidude chako, Lugano. Mimi na yeye hatuwezi kuwindana kwenye nyumba moja kama paka na panya. Abaki anayejua kuandika." Hakuwa na hasira. Akavaa viatu vyake vya mvua pale mlango wa nyuma, akavifunga taratibu, akachukua mwavuli.

Barabara iko mbele. Kwa mbele angefika kituo cha gari bila kukanyaga tope. Akatoka kwa nyuma, akapita kando ya choo, akaingia kwenye migomba na mwavuli wake mweusi, majani yanamkwangua.

Wajumbe walidhani amekwenda kujisaidia. Meneja akasema tumsubiri, hatuwezi kupiga kura bila mwenyekiti. Tukasubiri. Chai ikapoa, nikapasha, ikapoa tena. Atupele akachungulia kidogo mlangoni akauliza kama ameitwa. Nikamwambia hapana mwanangu, rudi kazini kwako. Mvua ikakatika, tukakaa tunautazama ule mlango wa nyuma, na Mzee Ambakisye hakurudi, wala hajaikanyaga tena ile ofisi mpaka leo.